Kitambaa Kwenye Kisiki: Tuwafanyeje Wanaochukua Maandishi Yetu?

Aliyeugundua wizi huo ni mama yangu. Alikuwa ameketi chini ya mwarobaini nyumbani Mvumi, mkoani Dodoma, ungo wa mlenda mapajani, anachambua majani huku mjukuu wake akimsomea habari iliyotumwa kwenye kundi la WhatsApp la wanakwaya. Habari ilimweleza mwanamke anayekwenda shambani alfajiri baada ya mvua za kwanza. Anakagua visiki vya migunga iliyokatwa zamani, anachagua kimoja kinachochipua, anapogolea machipukizi dhaifu, kisha anachana pindo la kanga kuukuu na kulifunga kwenye machipukizi aliyoyabakiza. Mama alisikiliza hadi mwisho, akauliza, "Huyu naye mama yake hufunga kanga kama mimi?"

Mjukuu akarudia kusoma. Kijiji kilichotajwa kilikuwa cha mkoa mwingine, na jina la mwandishi lilikuwa la mtu tusiyemjua. Jioni mama alinipigia simu. Hakuuliza habari za haki wala za fedha. "Mwanangu," alisema, "kwa nini mtu huyu kaniondoa Mvumi?"

Makala hiyo niliiandika mimi, miaka mitatu kabla. Aliyeichukua alibadili vitu viwili tu, jina la mahali na jina la mwandishi. Mengine yote aliyaacha kama alivyoyakuta, pamoja na kosa langu: katika aya ya pili nilisema mama alibakiza machipukizi manne, na katika aya ya tano nikayaita "yale matatu". Naye aliyabeba manne na matatu kama yalivyo. Watu wawili waliokwenda shambani mbalimbali wanaweza kukosea kuhesabu, ila hawawezi kukosea kwa namna moja, katika aya zile zile, kwa maneno yale yale.

Nilipowasimulia waandishi wenzangu nilikuta karibu kila mmoja ana kisa chake. Mmoja alichukuliwa wasifu wa marehemu baba yake, mwingine mapishi, mwingine barua aliyomwandikia mwanawe siku ya kuzaliwa. Ushauri walionipa ulipishana kabisa. Wapo waliosema nishukuru kwamba nasomwa. Wapo walioniambia nimwanike hadharani mpaka aone haya, na wapo waliosema twende mahakamani. Kila shauri lilikuwa na sababu zake, lakini hakuna aliyeanza na swali ambalo mama aliuliza, nami naona ndilo linalotangulia mengine yote: hasa ni kitu gani kilichochukuliwa?

Wanaofahamu Kisiki Hai watanielewa haraka. Njia hiyo ya kurudisha miti imeenezwa Dodoma na shirika la LEAD Foundation kwa kushirikiana na Justdiggit la Uholanzi, na hatua zake ni nne: unachagua kisiki, unapogolea, unaweka alama, unatunza. Alama yenyewe ni kipande cha kitambaa tu. Hakizuii mbuzi, wala hakiwezi kumzuia mwenye panga. Kinamwambia apitaye kwamba mti huu una mtu anayeutunza, na apitaye akiisha kujua hivyo anaweza kupumzika kivulini, kuokota matawi makavu na kwenda zake. Naamini maandishi yetu yanahitaji ulinzi wa namna hiyo. Neno lililotoka hadharani halizungushiwi ua, lakini tunaweza kulifunga alama, na tunaweza kujifunza, sisi sote, kuiheshimu alama ya mwenzetu.

Kuchukua si kwa namna moja

Hasira hufanya kila anayefanana nasi aonekane mwizi. Kabla ya kujibu, inafaa kupambanua.

Kuna anayesambaza: ameipenda makala, ameituma nzima kwa watu wake, na jina la mwandishi limebaki juu. Huenda hakuomba ruhusa, na kama anapata fedha kwa kazi hiyo kuna la kuzungumza naye, lakini alama hakuigusa. Kuna anayechukua neno kwa neno, akafuta jina na kuandika lake. Huyo ni mwizi wa wazi. Kati yao yuko anayepindua: anabadili "alfajiri" kuwa "mapema asubuhi", anahamisha aya ya tatu mahali pa kwanza, au anachukua makala ya Kiingereza na kuileta kwa Kiswahili kama yake. Siku hizi kazi hiyo hufanywa na programu za kompyuta kwa dakika moja, na ndiyo ngumu kuithibitisha, kwa sababu mwizi wa namna hii huacha mifupa na kubadili ngozi.

Kisha kuna anayeiga. Amesoma unavyoandika juu ya mama yako, naye ameamua kuandika juu ya mama yake. Ameupenda mtindo wako wa kuanza na mazungumzo ya jikoni, naye anaanza hivyo. Wengi hukasirikia hili kuliko wizi wenyewe, kwa kuwa mwigaji huonekana kila siku na hakuna pa kumshitaki. Lakini hapo hakuna wizi, na Dodoma yenyewe ina ushahidi mkubwa wa jambo hilo.

Mathias Mnyampala alizaliwa mwaka 1917 huko Ihumwa, mashariki ya mji wa Dodoma. Ni yeye aliyeandika historia, mila na desturi za Wagogo katika kitabu kilichotoka mwaka 1954, na ndiye anayehesabiwa kuwa mwasisi wa ngonjera, shairi la watu kujibizana jukwaani. Baada ya Azimio la Arusha la 1967 ngonjera zilienea nchi nzima. Mnyampala alifariki mwaka 1969, na kitabu chake cha kwanza cha *Ngonjera za Ukuta* kilitoka mwaka uliofuata. Tangu hapo hakuna mahafali ya shule ya msingi, sherehe ya Mei Mosi wala ziara ya mkuu wa mkoa ambayo watoto hawakusimama mistari miwili wakajibizana kwa vina. Kama Mnyampala angezuia umbo lile lisiigwe, lingekufa naye. Uigaji ndio uliolifanya mali ya taifa.

Tazama pia ukoo wa Zawose. Hukwe Zawose, mzaliwa wa Doduma, aliupeleka muziki wa Kigogo wa zeze na ilimba hadi majukwaa ya Ulaya kabla hajafariki mwishoni mwa mwaka 2003. Mwaka 2024 binti yake Pendo na mjukuu wake Leah walitoa albamu iitwayo *Maisha* kwa jina la The Zawose Queens, wanawake wakishika wenyewe ala ambazo zamani waliziitikia tu kwa sauti. Unasikia mzee ndani yao, lakini nyimbo ni za kwao na jina la ukoo liko juu ya jalada.

Kwa hiyo umbo, mada, mtindo na wazo viko huru. Ulicho nacho mwenyewe ni maneno yale uliyoyapanga namna ile, na ushuhuda uliomo ndani yake: kwamba ni wewe uliyekuwapo, mahali pale, ukamwona mtu yule. Mwigaji anakwenda shambani kwa mama yake mwenyewe. Mwizi hakwenda popote.

Maziwa na ndama

Mwaka 1986 mifugo iliondolewa Mvumi. Ulikuwa uamuzi wa mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, uliokuwa umeanza mwaka 1973 kupambana na makorongo yaliyokuwa yakila mashamba na njia. Wafugaji wengi waliwapeleka ng'ombe wao kwa ndugu na marafiki nje ya mipaka. Hawakuwa na lazima ya kubuni utaratibu mpya, maana kuwekeshana ng'ombe ni desturi ya zamani Ugogoni. Unampa rafiki ng'ombe akutunzie. Maziwa anakunywa yeye na watoto wake, samadi inarutubisha shamba lake. Lakini ng'ombe anajulikana kuwa ni wako, na akizaa, ndama ni wako. Rafiki anaweza kukaa naye miaka kumi bila mtu kumwita mwizi. Siku atakapomwita ng'ombe huyo wake mbele ya watu, urafiki umekwisha.

Sijapata mfano ulio karibu zaidi na jambo tunalolizungumza. Msomaji wa makala yangu anakunywa maziwa. Anayeisambaza ananichungia. Hata anayeinukuu kujenga hoja yake anapata samadi, na namtakia mavuno mema. Nisichoweza kuvumilia ni alama kubadilishwa, na ndama wote wanaofuata, yaani shukrani, mialiko, kazi na heshima, kuhesabiwa katika zizi lisilo langu.

Washairi wa Kiswahili walilijua jambo hili zamani. Katika ubeti wa mwisho, baada ya kusema kaditama au tamati, mtunzi hutaja jina lake au lakabu yake, na mara nyingi mji anakotoka. Wakati mashairi yalipochapwa katika gazeti la *Mambo Leo*, lililoanza mwaka 1923, msomaji angeweza kukata shairi, kulikariri na kulighani harusini mbali na gazeti, na bado jina lingekwenda nalo kwa kuwa lilifungwa ndani ya vina na mizani. Kulitoa kungeubomoa ubeti.

Palipokosekana kifungo cha namna hiyo, tumepata hasara. Wimbo wa "Malaika" unajulikana duniani kote, Miriam Makeba akiwa miongoni mwa walioupeleka mbali. Fadhili William wa Kenya ndiye aliyeurekodi mwanzoni mwa miaka ya 1960, na wengi humtaja kuwa mtunzi. Grant Charo naye alidai ni wake. Adam Salim, mzaliwa wa Tanzania, alieleza kwamba aliutunga mwaka 1945 kwa ajili ya msichana aliyempenda. Wimbo wa mapenzi unaopendwa kuliko wote katika lugha yetu umebaki na ugomvi juu ya baba yake. Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema jina ni majivuno. Jina ni njia ya kurudi mahali neno lilipotoka.

Kwa nini wanachukua

Katikati ya miaka ya 2000, Ndesanjo Macha alipokuwa akiwahimiza Watanzania waandike mtandaoni kwa Kiswahili, na Muhidin Issa Michuzi alipoanza ukurasa wake wa picha na habari mwaka 2005, walioandika walikuwa wachache na wakijuana. Ukimchukulia mwenzako, kesho yake ungeulizwa. Leo tumekuwa wengi mno kuulizana.

Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za mwaka 2018 nazo ziliibadili hali. Mwanablogu alitakiwa kuwa na leseni, na ada za mwaka wa kwanza, yaani maombi, leseni na ada ya mwaka, zilifika shilingi milioni 2.1. Mwandishi wa kijijini anayesimulia mvua na mavuno hakuwa na fedha hizo. Wengi walifunga kurasa zao na kuhamia Facebook, Instagram na makundi ya WhatsApp. Kurasa za awali zilikuwa na tarehe, jina na kumbukumbu iliyopangwa, na kila andiko lilikuwa na anwani yake. Kwenye kundi la WhatsApp andiko ni maandishi matupu. Likitumwa mara tatu, hakuna ajuaye lilikoanzia, na mtu mwema kabisa hulituma akiongeza neno moja juu: "Nimekopi mahali."

Kisha kuna njaa ya kurasa kubwa. Anayeishi kwa matangazo anahitaji kitu kipya asubuhi, mchana na jioni. Makala iliyonichukua wiki mbili, yeye huipata kwa kugusa kioo mara mbili, na kwa kuwa ana wafuasi maelfu, nakala yake husomwa kabla ya asili. Mara nyingi mwandishi wa kweli ndiye anayeonekana kuwa ameiga.

Lakini sababu ninayoiona kuwa na mizizi mirefu zaidi iko darasani. Tulifundishwa kusoma kwa kunakili. Mwalimu aliandika ubaoni, nasi tukanakili. Aliyeandika haraka na safi alisifiwa. Sikumbuki hata siku moja tukiambiwa nani aliyeandika kile tulichokuwa tukinakili. Ngonjera tulizokariri kwa ajili ya wageni zilikuja katika karatasi isiyo na jina. Hata Mnyampala, aliyezaliwa jirani nasi hivi, tulimghani miaka yote ya shule ya msingi bila kumsikia. Mtoto aliyekua hivyo akipewa simu ataendelea kufanya alichosifiwa. Kosa ni lake, na sehemu ya kosa hilo tulimpa sisi.

Sheria imesimama wapi

Wengi hudhani maandishi ya mtandaoni hayana mwenyewe mpaka yasajiliwe. Si kweli. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, Na. 7 ya mwaka 1999, inalinda kazi tangu inapoundwa, bila sharti la usajili. Ulinzi unadumu maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Ukisajili kazi COSOTA, ofisi ya hakimiliki, unajiongezea ushahidi, lakini haki ilikuwa yako tayari. Sheria hiyo hiyo haiyalindi mawazo matupu wala habari za siku, na inaruhusu kunukuu kwa kiasi cha haki ilimradi chanzo na jina la mwandishi vitajwe. Ukiisoma vizuri utaona inafanana sana na desturi ya ng'ombe: zipo haki za mapato, na ipo haki ya kutambuliwa kuwa ndiye mtunzi.

Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 24, inakataza kutumia kompyuta kuvunja haki za miliki bunifu, iwe kwa biashara au bila biashara. Kwa aliyechukua akiwa nje ya nchi, upo Mkataba wa Berne ambao Tanzania ilijiunga nao mwaka 1994: kazi ya Mtanzania inalindwa katika nchi wanachama kama kazi ya raia wao.

Kwa hiyo sheria ipo. Kazi ni kuifikia. Kutoka Mvumi hadi Dodoma mjini ni safari ya basi. Kumpata wakili ni gharama, na muda wa kesi ni muda usioandika. Kwa makala isiyokuingizia hata shilingi, hasara ya kudai inaweza kuzidi hasara ya kuibiwa. Nadhani mahakama ifikiriwe pale kazi inapouzwa: kitabu kimechapwa, filamu imetengenezwa, kampuni imetangazia bidhaa zake kwa maneno yako. Hapo usisite.

Njia za kujibu

Kunyamaza ni njia, wala si lazima iwe ya woga. Ukurasa wenye wasomaji sita hauwezi kukupotezea wiki. Ila anayenyamaza kila mara huwazoeza wezi, na huwaacha wanaoanza kuandika wakiamini ndivyo mambo yalivyo.

Njia ya pili ni kumwanika hadharani, nami niliijaribu kwanza. Usiku ule baada ya simu ya mama niliandika kwa hasira, nikamtaja mtu yule kwa jina na kumwita mwizi. Kufikia asubuhi nilikuwa na waliokuwa wakimtukana kwa niaba yangu na waliokuwa wakinitukana kwa niaba yake. Hakuna aliyekuwa akizungumzia kisiki tena. Mtu mmoja aliniuliza kama mama yangu ni wa kweli. Nilijuta. Kumwanika mtu kunampa nafasi ya kujitetea mbele ya rafiki zake, na akiisha kujitetea hadharani hawezi tena kukiri kwa urahisi. Tena ukikosea kumtuhumu, unaweza kujikuta wewe ndiye unayedaiwa kwa kumchafulia jina.

Siku ya tatu niliifuta ile kauli, nikashika njia ya tatu: nikamwandikia faragha. Ujumbe ulikuwa mfupi. Nilimwambia makala ni yangu, nikamwekea kiungo cha asili na tarehe yake, nikamwonyesha manne na matatu, kisha nikamwomba mambo mawili: arudishe jina langu, na arudishe Mvumi. Alinijibu baada ya saa mbili. Alikuwa mwanafunzi wa chuo. Aliandika kwamba aliipenda ile habari, kwamba kwao pia bibi yake hupanda miti, na aliona haya kuandika juu ya mtu asiyemjua, ndiyo maana alibadili kijiji. Alirekebisha siku hiyo hiyo. Nilimshauri aandike juu ya bibi yake mwenyewe, naye baadaye akaandika, na nilipoisoma niliona ana jicho kuliko wengi wetu.

Si wote walio hivyo. Ukurasa mwingine, wa kibiashara, uliichukua makala hiyo hiyo ukaiweka katikati ya matangazo. Niliandika mara mbili, sikujibiwa. Hapo nilitumia njia ya nne, fomu ya malalamiko ya jukwaa lenyewe. Makampuni mengi makubwa ya mitandao yako Marekani, na sheria ya huko ya mwaka 1998 huyakinga na kesi za aina hii iwapo yataondoa haraka kazi iliyolalamikiwa. Ndiyo maana fomu hizo hufanya kazi hata kwa mtu wa Mvumi. Unaweka kiungo cha asili, kiungo cha nakala, na tamko kwamba mwenye haki ni wewe. Jua kwamba jina lako na anwani yako ya barua pepe vinaweza kupelekwa kwa unayemlalamikia, na kwamba kutoa tamko la uongo ni kosa. Nakala iliondolewa baada ya siku chache. Sikuona furaha niliyoitazamia, maana iliondoka pamoja na wasomaji wake. Yule mwanafunzi alinirudishia zaidi.

Kabla ya njia yoyote, kuna kazi ya kimya: kushika ushahidi. Piga picha ya skrini yenye tarehe na anwani ya ukurasa. Hifadhi nakala katika Wayback Machine, ghala la kurasa ambalo Internet Archive ililifungua kwa umma mwaka 2001, kwa sababu mwizi akishtuka hufuta. Tunza rasimu zako, hata zile za daftarini. Na unapoandika, jifunze kwa wale washairi: funga jina ndani. Aya moja iseme wewe ni nani na uko wapi, katikati ya habari, mahali ambapo kuikata kutaacha tundu. Mpiga picha huweka jina lake juu ya picha yenyewe. Mwandishi anaweza kuliweka ndani ya tukio.

Na sisi tulikochukua

Katika kuandaa ushahidi nilirudia kusoma makala yangu kwa makini ambayo sikuwahi kuwa nayo. Niliyemwona ndani yake ni mama. Maneno mazuri zaidi mle ni yake. Namna alivyokieleza kisiki, kwamba mti uliokatwa haujafa ila unangoja mtu, ni usemi wake, na mimi niliuandika kama wazo langu. Wala yeye hakujifunza peke yake. Alifundishwa na mama mmoja wa kitongoji cha jirani, aliyekuwa amefundishwa katika kikundi, naye akapita nyumba kwa nyumba akiwaonyesha wenzake. Mama huyo sikumtaja kabisa.

Hapa ndipo wanaosema "maneno ni ya wote" wanapokuwa na hoja. Nyimbo za muheme ambazo kina mama wa Kigogo huziimba wakipiga ngoma walizozibana mapajani hazina mtunzi mmoja. Methali hazina mwenyewe. Sheria yenyewe ya 1999 inakiri hivyo, ikiziweka sanaa za jadi katika sehemu yake ya pekee na kuzihesabu kuwa urithi unaopaswa kulindwa kwa niaba ya jamii. Lakini "ya wote" haina maana ya "ya yeyote". Wimbo wa Wagogo ni wa Wagogo, na anayeuchukua anaweza kutaja Ugogo. Methali niliyoisikia kwa bibi naweza kusema niliisikia kwa bibi. Alama ya jamii ni alama pia, na anayeifuta kwa kisingizio kwamba hakuna jina la mtu mmoja anafanya kile kile alichofanya yule kijana alipoiondoa Mvumi.

Kwa hiyo ninapowauliza wenzangu tuwafanyeje wanaochukua maandishi yetu, jibu langu limekuwa la sehemu mbili, na sehemu ya kwanza inatuhusu sisi. Tutaje. Tutaje aliyetusimulia, kijiji chake, kikundi chake, kama anaridhia. Walimu wamtaje Mnyampala kabla watoto hawajapanga mistari. Wenye makundi ya WhatsApp waulize "Ni ya nani?" kabla ya kutuma, na wakikosa jibu waseme hawajui mwandishi, badala ya kuacha jina la aliyeituma mwisho lionekane ndilo la mwandishi. Sehemu ya pili ni kujibu kwa kipimo. Anayeiga tumwache, hata tumfundishe. Aliyechukua bila kujua tumwandikie faragha na kumwomba alama irudi. Anayefanya biashara kwa jasho letu na kukataa kusikia, tuondoe mali yetu mikononi mwake kwa kila njia ambayo jukwaa na sheria zinatupa.

Mwezi uliopita nilikwenda Mvumi. Mgunga ule umenipita kimo, na kile kipande cha kanga kimefifia hata maua yake hayaonekani. Mama alinipeleka kwa yule mama aliyemfundisha. Nilimwomba ruhusa ya kumtaja. Alifikiri kidogo, akasema nimtaje, ila niandike majina yake yote matatu, kwa kuwa hapo kijijini wako watatu wenye jina lake la kwanza. Usiku ule nilifungua makala ya zamani nikaisahihisha. Machipukizi sasa ni matatu kuanzia mwanzo hadi mwisho, usemi wa mama umewekwa kinywani mwake, na katika aya ya kwanza, kabla ya jina langu, yako majina matatu ya mama yule, kama alivyotaka.